Vitu vya Watu Havifungiwi

Nisikilizeni, wanangu, na wewe kitinda mimba nyamaza kulia, mama yenu bado yupo, na pumzi ya kuyasema haya ninayo.

Nyumba hii haiuzwi. Mwenye hoteli amekuja tena na tena, kasifu roshani, kasifu upepo wa bahari, na kifungua mimba wangu amemkaribisha chai kila mara, wala sikumkataza, maana kumpa mtu chai si kumpa nyumba. Lakini vilivyomo humu si vyetu. Siku baba yenu alipoyageuza maghala ya chini kuwa makumbusho, watu wa mji walileta vitu vyao wenyewe, tukawaahidi kwamba mwenye kitu akikihitaji atakichukua, akimaliza atakirudisha. Ndiyo maana kile kioo kikubwa hutoka kila ukoo wa nahodha ukiwa na arusi, na fundi hushona suruali za wateja wake kwa cherehani ya marehemu babake, mle mle makumbushoni, wageni wakidhani tunamlipa awaigizie. Msimzungushie kamba. Vifungieni vitu hivyo, na wenyewe watavisahau, kisha mtabaki na takataka kweli.

Vyumba vya juu ni vya mjomba wenu. Tumenuniana miaka kwa sababu ya ngazi, nani aifagie, na mwenye makosa ni yeye, lakini haki yake ni yake. Mpeni, na ngazi mpeni.

Ufunguo nampa kifungua mimba. Msitazamane. Mwanangu, wewe unayeviita vitu hivi vyuma chakavu, juzi nilikusikia hapo chini ukimkatalia mgeni aliyesema saa ya bandari ni pambo. Ukamweleza nani alikuwa akiijaza, na kwa nini ilisimama, na sauti ilikuwa ya baba yako mtupu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Wewe huwezi kuiuza nyumba hii, umeshanaswa, ila hujijui.

Nikiondoka, msifunge. Watakaokuja kunizika wapite vyumbani, kila mtu akalie kiti cha babu yake. Niinueni kidogo... hapo. Nimewaridhia nyote, radhi isiyo na kinyongo. Mungu awape afya, na mkigombana... mpatane kabla ya kulala.

Shika ufunguo, baba. Mkono wangu... umechoka. Usinitazame hivyo. Nenda kafungue, nawasikia wageni mlangoni.