Zamu ya Maji kwa Mektrida

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze kuni, maana habari ya leo inataka masikio yote mawili.

Leo tunamkumbuka Mama Mektrida, mke wa Thadeus, mama yake Gladys. Alifariki mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji chake huko juu ya Moshi. Ukingo wa mfongo ulibomoka ukamfunika. Narudia: ukingo ulibomoka ukamfunika. Narudia makusudi, kwa sababu kabla hata hajazikwa kuna watu walikuwa wameshapata maelezo mengine, na maelezo hayo nusura yamnyime kaburi.

Aliyenisimulia ni wifi yake, Veronika, dada mkubwa wa Thadeus. Ni mjane. Nyumba yake na ya mdogo wake huyo zinatenganishwa na migomba tu. Yeye ndiye aliyekwenda mjini kumwosha marehemu, pamoja na jirani yao, Mama Praygod.

Basi wako ndani ya chumba cha maiti. Beseni la maji, sabuni, kanga mpya. Veronika anamwosha wifi yake mikono, anatoa udongo wa mfongo chini ya kucha. Mama Praygod anamgeuza marehemu ubavu. Halafu anaacha kuosha.

"Mama Gladys alikuwa na nini hapa?"

Chini ya nyonga, ngozini, palikuwa na kiplasta chembamba, kinachoonyesha ngozi, kama kipande cha nailoni. Veronika alikijua mara moja. Alikijua kwa sababu cha namna ile ile kilikuwa kwenye nyonga yake mwenyewe, chini ya gauni, wakati ule ule.

"Ni plasta tu," akasema.

"Ya nini?"

"Sijui. Ya maumivu labda."

Mama Praygod akaibandua kwa kucha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hii si ya maumivu. Hii nimeisikia saluni pale Bomang'ombe. Ni ile ya kumrudisha mwanamke usichanani." Akamtazama Veronika. "Na alikuwa anapanda nayo banioni?"

Veronika akainama kwenye beseni, akaendelea kuosha.  

Wasikilizaji wapendwa, hapa lazima tuelewane. Mfongo ni mfereji wetu wa asili, unaoteremsha maji ya mto kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni panaitwa banio. Na mfongo wa kina Mektrida ulikuwa na mwiko wake: mwanamke anayeona siku zake hapandi banioni. Akipanda, walisema wazee, mfongo unabomoka na maji yanakimbia. Lakini vijana wameshuka mjini, wengine wanapandisha watalii, wazee magoti yamechoka. Mfongo ungekufa. Ndipo wazee wakaamua, kwa shingo upande, kwamba wanawake walioacha kuona siku zao wanaweza kupanda. Wa kwanza kukubali alikuwa Mektrida. Wa pili alikuwa Veronika.

Na Mektrida aliijua kazi. Alipanga mawe, akashindilia vipande vya mgomba na udongo katikati, banio likafunga maji barabara. Hata wanaume waliokuwa wakimcheka walikuja kumwomba awaangalizie michirizi ya kuingiza maji kwenye vihamba vyao.

Lakini mwili wake ulikuwa umemgeuka. Mwaka juzi yalimwanza yale ambayo akina mama wengi mnayajua na hamyasemi. Joto linamshika ghafla kifuani, linapanda usoni, jasho linatiririka kana kwamba kamwagiwa maji. Usingizi ukamhama. Mwezi wa saba, baridi ya mlimani inauma hadi kwenye mifupa, majirani wamejifunika mablanketi, na Mektrida yuko nje kwenye migomba na kanga moja anajipepea. Thadeus akadhani ni malaria. Akampeleka kupima, hakuna malaria. Akanunua dawa ya malaria hivyo hivyo. Baba wa watu alikuwa anajaribu.

Kisha zikaja hasira. Siku moja aliitupa sahani ya kiburu, ndizi na maharage, uani kwa sababu Thadeus aliuliza chumvi iko wapi. Akakaa chini akalia. "Wifi," alimwambia Veronika, "mimi si mimi tena. Nikifika banioni nasahau jiwe gani linatangulia. Wakijua watanitoa."

Gladys ndiye aliyemwokoa. Anaishi Njoro, ana kibanda chake cha kushona. Alimchukua mama yake hadi kwa daktari mjini, daktari mwanamke. Daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alimpima presha, akamuuliza kama kwao kuna aliyeugua saratani ya matiti, kama amewahi kuganda damu miguuni, akampima na kumpima tena. Ndipo akamwandikia plasta za homoni, za kubadilisha mara mbili kwa wiki, na vidonge vya kumlinda mji wa mimba. Akamweleza wazi: si dawa ya kila mwanamke, na ukiona damu uje haraka. Mektrida, mtu wa mfongo, akauliza swali lake: "Daktari, hii inanirudisha kwenye siku zangu?" Daktari akamjibu: "Mama, kule ulikotoka hurudi. Hii inakupunguzia joto ulale."

Na Mektrida akalala. Hiyo ndiyo habari aliyomletea Veronika asubuhi moja akikimbia kwenye migomba kama msichana: "Wifi, nimelala! Nimelala mpaka jogoo ameniamsha!"

Baadaye akamwona Veronika kanisani, jasho linamchuruzika, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo mpaka mzee wa mbele anageuka. Hakumwuliza kitu. Wiki ile ile akampeleka kwa daktari yule yule, naye akapimwa na kuandikiwa za kwake. Wakaapishana wasiseme. Walijua kijiji chao.

Sasa rudini nami msibani.

Veronika na Mama Praygod waliporudi kutoka mjini, maneno yalikuwa yamefika kabla ya gari. Chini ya turubai watu wananong'ona, Veronika akipita wananyamaza. Jioni ile Mzee Sirili, mkubwa wa mfongo, alimwita Thadeus kando, karibu na zizi.

"Thadeus, mke wako alivunja mwiko," alisema. "Dawa inayozuia uzee, inarudisha nini? Ndiyo maana ukingo umeanguka. Kijiji hakina maji, ng'ombe wanalia. Mbele ya watu ukiri kosa lake, utoe beberu tukasafishe banio. Usipokiri, hapa hakuna mwanamume atakayeshika jembe kuchimba kaburi. Na wanawake wasipande tena."

Thadeus hakuijua hiyo plasta. Mektrida alikuwa amemwambia kuna dawa ya joto, basi. Alimtafuta dada yake jikoni. Macho yamemvimba.

"Dada Vero, ni kweli alikuwa na kitu hicho?"

"Ni kweli."

"Kinafanya wanavyosema?"

Veronika alifungua mdomo. Mama Praygod alikuwa pale pale anamenya ndizi, na wanawake wengine wamemzunguka, visu vimesimama. Veronika akasema, "Tuongee kesho."

"Kesho tunazika, dada." Thadeus akaegemea mlango. "Nitakiri. Nimechoka. Bora azikwe."

Wasikilizaji wapendwa, Veronika aliniambia kwamba hofu aliyoipata pale hajawahi kuipata hata siku aliyofiwa na mume. Akinyamaza, jina la wifi yake linaingia kaburini likiwa chafu, na watoto wa kijiji watakua wakiambiwa kwamba Mektrida ndiye aliyeua maji. Akisema, yeye ndiye anayefuata. Na kwenye kihamba cha baba yao anaishi kwa hisani, kama mabinti wengi walivyo. Mtaniambia angefanya nini?

Asubuhi ya mazishi, jeneza limefika, Padre yuko njiani. Kihambani, chini ya mgomba, alama ya kaburi imewekwa kwa vijiti na ardhi haijaguswa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, majembe yameegemezwa ukutani. Mzee Sirili anakaa mbele kabisa na fimbo yake. Thadeus anasimama aseme. 

"Wazee wangu," akaanza, "mke wangu..."

"Kaa, Thadeus."

Veronika ametoka jikoni na aproni yake. Mikono inanuka ndizi. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya Mzee Sirili, akainama kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, tangu Krismasi ng'ombe wako walikunywa maji?"

Mzee akamtazama. "Walikunywa."

"Kahawa yako ulimwagilia Februari?"

"Nilimwagilia. Unataka kusema nini, binti?"

"Banio lilikuwa linafungwa na nani?"

"Mektrida. Na wewe."

"Basi sikilizeni wote." Akaweka kiganja kwenye nyonga yake. "Plasta aliyokutwa nayo Mektrida, na mimi ninayo. Iko hapa. Iko hapa sasa hivi. Ni dawa ya joto la sisi tulioacha kuona siku, imeandikwa na daktari, na hakuna siku zilizorudi, si kwake wala si kwangu. Nimepanda nayo banioni tangu Krismasi, na yeye kabla yangu. Maji mmekunywa. Watoto mmewaogesha. Ubatizo wa mjukuu wako, baba, pombe ya mbege ilipikwa kwa maji hayo hayo."

 Mama Praygod alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni.

"Na ukingo?" Sauti ya Mzee Sirili ilikuwa imeshuka.

"Ukingo ulipasuka tangu mvua za vuli. Mektrida alikuja kikaoni Januari akaomba mawe na watu. Mlimwambia asubiri vijana warudi Pasaka. Akaomba tena Jumatano ya Majivu. Wewe ndiye uliyesema, baba, watu wakacheka, nami nilikuwepo. Ulisema mwanamke akipewa banio anataka na mlima."

 Veronika alisubiri kufukuzwa. Mzee Sirili hakumfukuza, wala hakuamuru majembe yashikwe. Wanaume wakatazama chini. Hakuna aliyeinuka benchini.

Ndipo Thadeus akavua koti lake la msiba. Akalikunja, akalilaza juu ya jeneza la mke wake. Akaenda ukutani, akachukua jembe.

Kwetu mfiwa hachimbi. Mume hachimbi kaburi la mke wake, watu wangali hai. Ni aibu ya kijiji kizima. Thadeus akapiga jembe la kwanza. Akapiga la pili, analia kwa sauti, udongo unaruka. Alipoinua la tatu mtu akamshika mkono. Alikuwa mume wa Mama Praygod. "Lete, ndugu yangu," akamwambia. "Lete, tusamehe." Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, na muda si mrefu wanagombania majembe.

Mama Praygod alimfuata Veronika jikoni. "Si ungeniambia kule kule, jamani?"

"Nilikuogopa," Veronika akamjibu. "Nilikuogopa wewe."

Mektrida alizikwa mchana ule na Padre, kwa nyimbo, na jina lake likiwa safi. Beberu hakuchinjwa. Mzee Sirili alikaa kwenye benchi lake mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga.

Baada ya mazishi, mvua zilipokatika, wanaume na wanawake walipanda pamoja kuujenga ukingo, kwa mawe yale yale Mektrida aliyoyaomba. Veronika alipanda mbele. Mzee Sirili hakuonekana.

Siku maji yaliporudishwa, watu walikuwa kwenye vihamba vyao wanasubiri. Mnajua utaratibu: maji hutoka kwa zamu, na mtu akiiba zamu ya mwenzake panaweza kuchimbika. Zamu ya kwanza, kwa heshima ya ukubwa, ni ya Mzee Sirili. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba yake, na hakuwahi kumwachia mtu, hata mwaka wa ukame ule mbaya. Kahawa yake ilikuwa imejikunja majani.

Veronika alikuwa anafagia kaburi. Akasikia maji. Akadhani masikio yanamdanganya. Maji yalikuwa yanakuja kwenye mchirizi wa Thadeus, mekundu kwa udongo, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yakapita kando ya kaburi, yakaingia kwenye migomba. Akapandisha macho. Kule juu kwenye maungio, pale michirizi inapogawanyika, Mzee Sirili alikuwa amepiga magoti kwenye tope, peke yake, anaziba mchirizi wa kwake kwa mikono.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Thadeus, kwa Gladys kule Njoro, na kwako Veronika. Mungu ampumzishe Mama Mektrida mahali pema. Na ninyi mlio nyumbani, baba, kijana, mkwe: kama kwako kuna mama anayefungua dirisha wakati wengine mnatafuta blanketi, usimnunulie dawa ya malaria, wala usimtafutie jina baya. Muulize analalaje. Msindikize kwa daktari, apimwe, aambiwe kinachomfaa yeye. Muulize leo, akiwa hai na anaweza kukujibu.

Mektrida alipenda maji yakipita. Sasa yanapita miguuni pake, na ile zamu ya kwanza, Veronika ananiambia, mpaka leo Mzee Sirili hajairudisha kwake.