Makaa ya Ewald

Wazee wa mtaa ule wa wachimbaji makaa ya mawe, kule Silesia, walikuwa na benchi lao mbele ya nyumba ya Ewald, na wakitoka misa ya asubuhi hawaendi kwao kabla ya kulikalia. Gerard walimwita Redio, kwa kuwa hutangaza habari kabla hazijatokea. Rufin alikuwa Kengele, maana alipiga kengele ya lifti mgodini mpaka masikio yakamwishia. Trudka, mwenye thamosi ya kahawa na kauli ya mwisho, alikuwa Meya. Asubuhi ile ya Oktoba walikuta benchi limejaa vumbi jekundu, kwani mafundi walikuwa juu ya paa wakibomoa bomba la moshi. Ewald alikaa pembeni, glasi ya kahawa mkononi, akisikia tofali moja moja likitua kwenye toroli.

— Nyumba bila bomba la moshi! Redio akaanza. — Hiyo si nyumba tena, Ewald. Hilo sanduku la viatu.

— Binti yangu Bernadeta anasema haitatoa hewa ukaa hata chembe, Ewald akamjibu. — Umeme wa jua utaendesha mtambo, mtambo uvute joto ardhini. Na kuta wamezivika nyuzi za mbao, nene kama paja langu.

— Jua lipi? Hapa Novemba jua tunalisikia kwa wenzetu tu.

— Hebu ngoja, Rufin akadakia, kiganja sikioni. — Wanavuta joto ardhini? Lote?

— Kiasi tu, Kengele.

— Kiasi! Wataanza na kiasi, mwisho ardhi igande. Trudka atachimba viazi kwa shoka.

— Waguse viazi vyangu waone, Trudka akasema, akimwongezea Rufin kahawa.

— Viazi si kitu, Redio akasema, akishusha sauti. — Makaburi je? Marehemu mama yangu kalala pale nyuma ya kanisa. Leo hii wamnyonye joto lake?

— Mama yako alikuwa wa baridi tangu yu hai, Trudka akamjibu.

— Cheka tu. Na hizo nyuzi ukutani, panya wa mji mzima watahamia humo. Watazaliana, watashiba, mwishowe watataka na diwani wao!

Trudka alicheka hadi kahawa ikamwagikia sketi. Ewald naye alitabasamu, ila moyoni hakukuwa na kicheko. Alfajiri ile mafundi walikuwa wamelitoa jiko kubwa la vigae, lile alilopikia marehemu mkewe, Hilda, maisha yake yote ya ndoa. Vigae vilitolewa kimoja kimoja, na Ewald alikuwa ameshindwa kukaa ndani kutazama.

— Lakini bwana wee, Trudka akamwuliza kwa upole, — wewe ulikubalije? Nilidhani utajifunga mnyororo kwenye hilo jiko.

Ewald aliizungusha glasi yake.

— Januari ile, moshi ulipolala mtaani siku nzima, mnakumbuka? Nikasema mjukuu wangu asisikie baridi. Nikalishindilia jiko makaa mpaka vigae havigusiki. Nageuka, Emilka midomo imekuwa ya bluu, kifua kinapiga filimbi. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la wagonjwa. Mwepesi, kama koti tupu. Mama yake aliposema tubadilishe nyumba, nikamwambia fanyeni.

Redio alikohoa, akatema kwenye leso.

Hapo lori likakata kona, likasimama mbele yao likinguruma. Lilikuwa limeleta makaa ya Ewald, yale ambayo mgodi huwapa wastaafu wake kila mwaka. Dereva alikuwa mgeni, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu. Akashusha kioo.

— Mungu awabariki, wazee. Mzee Ewald ni nani? Nimwage wapi?

— Mimi. Mpelekee huyu mama, nyumba ya tatu. Yote.

— Ewald! Trudka akashtuka.

— Sina pa kuyachomea, Trudka. Chukua.

Dereva akatazama makaa nyuma yake, mabonge safi yanayometameta, kisha akamtazama Ewald. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua tu.

— Makaa mazuri hivi, mzee? Kwani yamekukosea nini?

Rufin, ambaye safari hii alikuwa amesikia vizuri, akainamia viatu vyake. Trudka akafunga thamosi, akaifungua tena. Ewald alifungua mdomo. Makaa yalimlisha tangu tumboni mwa mama yake, yakampa mshahara wa kumwoa Hilda. Makaa yalimfukia kaka yake, Alojz, na mwili wake haukupatikana. Aanzie wapi?

Dereva alisubiri, akaona hapewi jibu, akagusa kofia yake na kuondoa lori polepole kuelekea kwa Trudka.

Ewald akaweka glasi chini, akaingia ndani. Jikoni, pale jiko lilipokuwa, sakafu ilikuwa na mraba mweupe ambao hakuna aliyekuwa ameukanyaga tangu enzi za babu yake. Emilka alikuwa amekaa katikati yake na kalamu zake za rangi.

— Babu, hapa nimepachukua mimi, akasema.

Ewald alishika ukuta, akapiga goti moja, kisha la pili, akaketi chini kando yake.

— Sogea kidogo basi.