Hilary Thurgood na Barua Zisizotumwa

Ijumaa tarehe 28 Julai 2023, saa kumi na moja jioni, Hilary Thurgood atafunga daftari la wageni la kitengo chetu cha utafiti hapa mjini Ely na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi. Anayemfuata kwa kukaa hapa ni mimi, mwenye miaka kumi na tisa kazini, na mpaka leo ananiita mgeni.

Alianza Septemba 1989 katika meza ya alama. Kazi ya meza hiyo haijabadilika sana. Mtu hupewa dodoso la kurasa mbili lenye sentensi themanini, kwa mfano kwamba akiona ratiba ya treni hutaka kujua kwa nini imepangwa hivyo. Kwa kila sentensi huweka tiki, kuanzia "nakubali sana" hadi "nakataa kabisa", nasi tunajumlisha. Mwenye alama nyingi anapenda kanuni, mpangilio na kujua kitu kinavyokwenda. Mwenye chache huishi vizuri tu bila hayo.

Hilary ni wa kundi la pili. Funguo za kabati aliziweka ndani ya buli la chai lisilotumika, na faili alizipanga kwa namna aliyoijua yeye peke yake, lakini ukiomba faili unaletewa kabla hujakaa. Biskuti za tangawizi alizigawa kwa kumtazama mtu usoni. Siku nikipata mbili, nilijua nimeonekana mgonjwa.

Mwaka 2004 mkurugenzi wetu wa wakati huo, Daktari Rosalind Yaxley, aliona kwamba watu wanaopima kupenda kanuni wawe wenyewe wanapenda kanuni. Sote tukajaza dodoso. Sharti likawa alama hamsini kati ya themanini. Mimi, niliyekuwa na wiki tatu kazini, nilipata sabini na moja. Hilary, mwenye miaka kumi na mitano katika meza ile, alipata kumi na tisa. Jumatatu iliyofuata alihamishiwa mapokezi na mimi nikakalia kiti chake. Kilikuwa bado na mto wake.

Novemba mwaka huo tulipokea madodoso mia tatu na kumi na mbili ya watu wa miji na vijiji vya jirani, waliokuja kuyajaza hapa. Matokeo yalipendeza mno: karibu kila mtu alipata kama arobaini. Daktari Yaxley alifurahi, akaandaa hotuba ya kutoa Edinburgh. Nami nilichora mstari wa matokeo hayo na kuubandika ukutani. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Kazi ya Hilary ilikuwa kuwatumia waliojaza barua za matokeo yao. Ijumaa moja mchana alipanda ngazi na barua mbili mkononi. Moja ilikuwa ya Bwana Leverett, aliyeongoza treni kwa ishara miaka arobaini katika mji wa March. Nyingine ilikuwa ya Bi Cobbold, muuza maua.

"Clive, huyu mzee kanipangia vipeperushi vyote kwa ukubwa akisubiri zamu yake, na kaniambia saa ya ukutani iko nyuma sekunde arobaini," alisema. "Bi Cobbold kapotea mara mbili akitoka chooni. Eti wote arobaini na moja? Wewe unaona sawa hiyo?"

Nilimjibu hivi, na wenzangu wawili walisikia: "Hilary, rudi kwenye simu zako. Mwenye kumi na tisa hawezi kuniambia mambo ya namba."

Alishuka, akaziweka barua zote mezani, akakataa kuzituma. Aliambiwa kwamba zisipokwenda posta kabla ya saa kumi na moja, ataandikiwa onyo. Akampigia Bwana Leverett na kumwomba akumbuke alikoweka tiki. Mzee alikumbuka zote. Ukurasa wa kwanza, kushoto. Ukurasa wa pili, kulia, kwa sababu mchapishaji alikuwa amegeuza vichwa vya safu, "nakubali sana" ikahamia upande wa pili. Waliojaza walisoma vichwa. Sisi wapenda kanuni tulihesabu safu kama tulivyozoea, na kila mtu akapata nyingi ukurasa mmoja na chache mwingine, akajikuta katikati.

Hilary aliniletea maelezo hayo, nami ndiye niliyelipeleka kosa kwa Daktari Yaxley, kwa kuwa meza ilikuwa yangu. Akanipa mkono na kuniita hodari. Nikafyata ulimi. Ripoti ilipotoka, ukurasa wa shukrani ulimtaja Clive Pettengell kwa umakini wake. Hilary ndiye aliyetoa nakala. Aliniletea yangu na kusema, "Jina lako wamelipatia herufi zote. Si kawaida yao."

Sharti la alama hamsini likazidi kukazwa, maana lilionekana limefanya kazi. Hilary aliomba kurudi kwenye meza mwaka 2006, akakataliwa. Akaomba tena 2011. Safari hiyo nilikuwa mmoja wa watatu waliokaa kuamua. Nilisoma kumi na tisa kwa sauti, nikatia saini.

Tangu hapo amepokea wageni kama elfu tisa, na wengi wakirudi humuulizia yeye, si daktari. Ameshonea kitengo mapazia. Hajawahi kuligusia jambo hili, kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemjua.

Mwezi uliopita niliomba sharti lile lifutwe, na limefutwa. Nimeandika pia kuomba ukurasa wa shukrani urekebishwe: jina langu litoke, lake liingie. Wamejibu kwamba itakuwa Septemba. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, Hilary, utaondoka ripoti ikiwa bado inasema ni mimi, na sina namna ya kuiharakisha.

Kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa miaka hii, na uwe na siku nyingi njema na miguu isiyouma. Kwa niaba yangu mwenyewe, kiti kilikuwa chako.