Aliyeweka Akiba ya Kila Kitu

Marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule mwaka 1986, akamaliza chuo cha kompyuta mwaka 2003. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa ubishi alikuwa hashikiki.

Mwaka 2004 aliajiriwa kusanifu seva za tovuti ya matokeo ya mitihani, inayofunguliwa na mamilioni ya watu kwa mkupuo. Mwaka 2009 aliweka seva kumi za kupokea watu, na nyuma yake moja tu ya kutunza majina. Hiyo moja ikaanguka. Watoto walikaa siku mbili bila kujua kama wamefaulu. "Milango kumi, ghala moja," alijilaumu miaka yote. Tangu hapo kila kitu chake kilikuwa na akiba, na kila Ijumaa saa nne asubuhi alizima seva moja makusudi, aone kama zilizobaki zitabeba. Wenzake wakambandika jina la Mzee Akiba.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 2010, akaja na pete tatu. Bibi harusi akamuuliza, "Na mke wa akiba umemficha wapi?" Alicheka hadi machozi. "Huyo sina, mwenzangu. Ukizimika wewe, na mimi nimezimika."

Novemba 2024 miguu ilianza kuvimba. Mkewe alimsihi aende hospitali. "Figo ziko mbili, mama watoto," akajibu. "Moja ikichoka, nyingine itabeba. Ngoja matokeo yatoke kwanza." Alipokwenda, Januari, shinikizo la damu lilikuwa limeziua zote mbili. Tulimkasirikia, na hasira hiyo hatujaimaliza. Miezi mitano alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Siku moja alimshika mkewe mkono, akasema, "Nimerudia kosa lile lile. Figo mbili, damu moja."

Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo, kazini, vijana aliowafundisha walizima seva moja kama kawaida. Zilizobaki zikabeba, na hakuna mtumiaji aliyejua.

Nyumbani tumejua. Ameacha mjane, mabinti wawili, na dada yake anayesoma haya. Ile pete ya tatu mjane ameivaa leo, juu ya ya kwake.

Zamu yako imekwisha, mdogo wetu. Pumzika kwa amani.