Kiti Changu Nyuma ya Gurudumu

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na wale wa nyuma waliochelewa na sasa wanajifanya walikuwa humu tangu wimbo wa kwanza! Mimi ni Mama Sifa. Wengine mnanijua kwa sauti yangu katika kwaya ya akina mama, na wengine mnanijua kwa mdomo wangu. Nimesimama leo kwa sababu mume wangu, Baba Sifa, ameketi pale kwenye benchi la wanaume na anapumua. Ndugu zangu, anapumua! Mwangalieni vizuri, maana mkono huu ninaouinua kwa Bwana ndio uliokaribia kumtoa roho.

Jip yetu mnaijua. Ndiyo ile inayotoka hapa Kasongo kwenda Kabambare na Lusangi, inabeba mchele na bido, yale madumu ya mawese, na juu ya mizigo wanapanda watu. Barabara nayo mnaijua. Kila mume wangu akirudi nayo, kitu fulani huko chini kimelegea, au kinavuja, au kimeachwa kwenye shimo. Na Baba Sifa hakubali fundi aguse jip yake. Anafungua mwenyewe, anapaka grese mwenyewe, anamwaga oili ya zamani na kufanya vidanje mwenyewe, anafunga mwenyewe. Mimi nilishasema zamani kwamba kama angenikagua mimi hivyo kila Jumamosi, ningekuwa msichana mpaka leo.

Sasa, ili mtu alale chini ya gari, lazima gari liinuliwe. Kriki yetu ya kuliinulia ilikuwa imechoka, na alikuwa anaiogopa. Lakini jirani yetu Mama Zaina alikuwa na rampe. Kwa asiyezijua, ni vyuma viwili vya mteremko. Unavipanga mbele ya magurudumu, unapandisha gari polepole, linainua pua, na chini panabaki nafasi ya mtu kulala. Marehemu mume wake alikuwa dereva, alizitengeneza kwa chesisi ya lori lililokufa, na ni nzito kweli kweli. Isitoshe, parsele yetu, kiwanja cha nyumba yetu, inateremka, na rampe zinataka udongo ulio sawa. Udongo ulio sawa uko kwa Mama Zaina. Basi kila Jumamosi mume wangu alikuwa kwa Mama Zaina!

Ndugu zangu, ngoja niwaambie habari za huyo Mama Zaina. Ni mjane, ni Mwislamu, hana kelele. Akifunga kitenge chake kinakaa, sijui anakifungaje. Mimi nikifunga changu, kinatafuta njia ya kuondoka. Akipika sombe yake ya majani ya muhogo, harufu inaruka ua inaingia kwangu bila kupiga hodi. Nilikuwa namsalimia vizuri, naye ananijibu vizuri, na nikiingia ndani natafuna meno.

Lakini kilichoniua ni mikono yake. Dereva anayepanda rampe haoni mwisho wa vyuma. Pua ya gari inamziba, anaona mbingu tu. Akizidisha kidogo, anaanguka kwa mbele. Akipunguza, magurudumu yanabaki kwenye mteremko. Kwa hiyo lazima mtu asimame mbele amwongoze kwa mikono. Mama Zaina alimwongoza mume wake miaka yote, akaijua kazi ile. Basi na kwa mume wangu akafanya hivyo hivyo. Anasimama mbele ya jip, anainua mikono miwili, vidole vinamwita mume wangu: njoo, njoo, kidogo kushoto, njoo, basi! Na mume wangu anaitazama mikono ile bila kupepesa macho!

Nilikuwa nachungulia kwenye ua, mwanzi unanichoma shavu. Nilikuwa najiuliza, mimi nimezaa na mtu huyu, nimemfulia, nimemwuguza malaria, ni siku gani aliwahi kunitazama namna ile? Nikauacha ugali wangu jikoni. Niliona wivu kwa mikono yake, kwa kitenge chake, kwa udongo wake ulio sawa. Niliona wivu mpaka kwa vyuma!

Nikaenda kuomba. Sikuomba Bwana aniondolee wivu, hapana. Nilimwomba azitie kutu rampe zile zivunjike! Nilifunga kwa ajili ya kutu, ndugu zangu. Niliacha chakula, nikapiga magoti, nikakemea chesisi ya lori kwa jina la Yesu. Mama mchungaji ananitazama sasa, maana nilimwambia ninafunga kwa ajili ya amani ya nyumba.

Rampe hazikushika hata doa. Ndipo nikamgeukia mume wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Baba Sifa, kama ni mikono, miye pia niko nayo. Angalia! Ni mbili!"

Akacheka. "Weye unaogopaka motokari. Ikikohoa tu, unakimbia mpaka ku njia."

Ni kweli, nilijaribu kumwongoza mara moja nikakimbia. Kuna kitu kizito kinakuja kifuani kwako, na wewe unakiita kije! Lakini kicheko kile kilinichoma. Nikasema mbele ya watoto kwamba Mama Zaina akiinua tena mikono yake mbele ya mume wangu, mimi ninarudi kwetu Wamaza, hata kwa miguu. Akaona sichezi. Akasema, "Basi. Nitapandaka peke yangu."

Mnanifuata? Alipanda peke yake kwa sababu yangu. Jumamosi iliyofuata aliingia kwa Mama Zaina, akamwomba asisimame mbele, akapandisha jip bila mtu wa kumwongoza. Akaogopa kuzidisha. Akasimama kabla ya kufika juu, magurudumu ya mbele yakabaki kwenye mteremko. Freni ya mkono ya kuishikilia jip ile ilikufa zamani, na siku hiyo alikuwa anataka kufungua mambo ya vitesi, yaani gia, kwa hiyo vitesi navyo havikuishikilia. Uzito wote ukasimama juu ya kale, yaani kile kitu unachoweka nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi. Upande mmoja aliweka tofali. Upande wa pili alitafuta kitu cha nguvu, akakikosa, akaruka ua, akaingia jikoni kwangu akachukua kiti changu.

Ndugu zangu, si kiti cha plastiki. Ni kiti kidogo cha mti mgumu, kilichochongwa kwa kipande kimoja, mama yangu alinipa nilipoolewa. Kwetu, kiti kile kinakaa kwenye mafiga ya mwanamke mwenye nyumba. Yeye ndiye anakikalia akipika, na mama yake akija kumtembelea. Mwanamke mwingine hakikalii. Na kikionekana kwenye mafiga ya mwanamke mwingine, basi watu hawaulizi tena, wamejua nani ameingia na nani anatoka. Baba Sifa ni mtu wa huku, mambo hayo hayajui, au alishayasikia yakapita. Yeye aliona mti mgumu tu.

Nilitoka shambani na kikapu cha mihogo kichwani. Naingia jikoni nikalie kiti changu, hakipo! Nikauliza watoto, hawajui. Nikaenda kwenye ua, nikachungulia. Naona shati la mume wangu limetundikwa kwenye kamba ya nguo ya Mama Zaina. Naona kandambili zake mbele ya mlango wa Mama Zaina. Yeye mwenyewe simwoni. Na kiti cha mama yangu kiko ndani ya parsele ile, kimelazwa kwenye udongo, miguu juu!

Shati alilivua ili lisishike oili. Kandambili alizivua ili asikanyage baraza lililofagiliwa alipokwenda kuomba maji. Leo ninajua. Siku ile nilijua kitu kingine. Nilijua yuko ndani, na kiti changu kimetangulia.

Sikupita mlangoni. Nilipasua ua. Mama Zaina alikuwa kwenye kona ya jiko anatwanga sombe, akaniona, akafungua mdomo anisalimu. Sikumpa nafasi. "Mume umechukua, na kiti pia?" Nikainama nyuma ya jip, nikakishika kiti changu. Kiligoma. Nikakitikisa, nikakivuta kwa hasira ya mwaka mzima. Mama Zaina akapiga kelele, "Hapana! Hapana, mama!" Nami nikasema moyoni, mwone, anakililia! Nikavuta tena, kikatoka, nikaanguka nacho chini.

Na jip ikaanza kurudi.

Nilisikia tofali la upande wa pili likisagika. Halafu nikasikia sauti ya mume wangu, na haikutoka ndani ya nyumba, ilitoka chini ya gari. Yesu! Niliganda. Nimekumbatia kiti kifuani kama mtoto, na gari linamshukia mume wangu.

Mama Zaina hakuganda. Alikuja na mti wake wa kutwangia, akausukuma nyuma ya gurudumu, akaulalia kwa mwili wake wote. Gurudumu likaupanda, likasimama, likautelezesha, likasimama tena. Mti unazunguka mikononi mwake, unamchuna viganja, na hauachii! Chini kule chuma kilikuwa kimeshamkalia Baba Sifa kifuani. Alikuwa hawezi tena kupiga kelele.

"Mama Sifa, rudisha kiti!" Mama Zaina akaita. "Rudisha kiti, bwana yako iko chini! Siwezi tena!"

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Kitu nilichokuja kukitoa kwa mwanamke yule, nilitakiwa kukirudisha kwake kwa mikono yangu. Nawaambia ukweli, hata pale, na mume wangu anakufa, mkono wangu ulikataa kidogo! Wivu haukuniachia hata pale! Nikapiga kelele, "Bwana, nishike mkono!" Na Bwana akaushika. Nikatambaa mpaka kwenye gurudumu, nikakisukuma kiti cha mama yangu mahali nilipokitoa, nikakikanyagia kwa kisigino mpaka kikang'ata udongo. Jip ikanyamaza.

Kelele zetu ziliwaleta wanaume. Wengine walitoka msikitini wamemaliza swala, wengine ni hawa ninaowaona hapa, walikuwa wanapita na baiskeli zao. Walishika jip kwa mbele, wakahesabu pamoja, wakainua, wakamvuta Baba Sifa kwa miguu. Kifua kimevimba, mbavu zinamlia, uso mweusi wa oili. Lakini yuko! Haleluya, yuko!

Akafungua macho akauliza, "Nani ameondosha kale?"

 Mama Zaina akatazama chini. Nikasema, "Ni miye. Nilikuwa nakuja kuchukua kiti yangu."

Akavuta pumzi, ikamwumiza, akasema, "Ungeniambiaka tu, mama. Ningekuletea."

Nikalia kwa aibu mpaka kitenge changu kikaondoka kweli.

Siku zile Baba Sifa alipolala hospitali, nilikuwa namwuguza yeye asubuhi, kisha ninavuka kwa Mama Zaina. Viganja vyake havikuwa na ngozi. Mikono ile niliyoilaani, niliiosha kwa maji ya vuguvugu, nikaifunga, nikamtwangia sombe, nikamsuka nywele, nikamfunga kitenge. Na hata nilipokifunga mimi, kilikaa! Nikamwambia, "Dada, unanichokoza." Akacheka mpaka akashika mbavu, naye mbavu zake zilikuwa nzima.

Mnangoja niseme kwamba wivu umekwisha. Siwezi kusema uongo mahali hapa. Bwana aliniokolea mume siku moja, kwa dakika moja. Wivu wangu bado anaushughulikia, na kazi ni nyingi. Lakini ameniondoa nyuma ya gari akaniweka mbele. Mama Zaina amenifundisha. Sasa ni mimi ninayesimama mbele ya rampe Jumamosi, ninainua mikono yangu miwili na kuita kile chuma kije. Nami sikimbii! Na Baba Sifa ananitazama bila kupepesa macho, maana akipepesa ataanguka. Kiti cha mama yangu kinakaa nyuma ya gurudumu, kwenye parsele ya Mama Zaina, kina alama ya tairi. Sikukirudisha nyumbani. Ninapita tu kukiangalia, kila siku.

Ndugu zangu, kama kuna kitu umekikumbatia kifuani leo, na mahali fulani mtu anakuambia ukirudishe, usingoje uelewe kwanza. Mwite Bwana akushike mkono. Mimi alinishika nikiwa mbaya hivi, je, wewe atakuacha? Njoo kwake na wivu wako, aufanyie kazi akiwa na wewe karibu.

Namshukuru Mungu aliyekataa maombi yangu ya kutu. Nawashukuru wale walioinua jip, wa kanisa na wa msikiti. Na nimemwomba jirani yangu aje leo, amekubali, ndiye yule kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Mama Zaina, simama, dada yangu. Inua mikono, watu waione.

Na wewe Baba Sifa, angalia mbele.