Gari Linapumzishwa

Jumatatu, tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, gari la kifahari la wakili mmoja lilizima mbele ya mahakama, likavutwa na lori la taka huku wateja wake wakitazama. Alhamisi wakili huyo alikuwa ndani ya basi, akimsimulia muuguzi aliyeketi pembeni yake.

"Limeshatengenezwa. Sasa nalipumzisha. Jumamosi linampeleka binti yangu kwenye harusi yake."

"Yaani wewe unabanwa humu ili gari lisichoke?" muuguzi akauliza. "Mume wangu hajawahi kudekezwa hivyo. Limezima mara ngapi mwaka huu?"

"Nne tu. Lakini likikubali, dada yangu, linanguruma mpaka kifua kinatetemeka."

"Na likikataa, kinachotetemeka ni miguu."

Kwenye kiti cha nyuma yao, fundi bomba aliyefiwa na mkewe alichekea puani. Basi liliingia kwenye shimo la tatu tangu safari ianze. Mashimo hayo wakubwa hawayajui, kwa kuwa magari yao marefu hupita juu ya shida za watu.

"Binti mwenyewe anasemaje?" muuguzi akauliza.

Wakili alishusha sauti. "Anataka teksi. Ila nilimwahidi gari hili tangu ana miaka sita."

Basi likasimama. Muuguzi akainuka na mkoba wake.

"Haya, kaka, niambie kabla sijashuka. Likizima njiani naye ameshavaa gauni, utaanza kumbembeleza binti au utaanza kufungua boneti?"

Fundi bomba naye akainama mbele kusikiliza.