Fundi wa Breki

Mwaka ule wa tisini na moja, Kismayo ilipokuwa ikijaa wakimbizi wa vita kutoka huku na kuhamwa na wenyewe kule, kijiwe cha Mwanatumu hakikuvunjika. Aliendelea kupika kahawa chungu ya tangawizi, na wateja wake waliendelea kukaa pale pale ukutani, wakibishana kama jana. Asubuhi hiyo Mzamil alikuwa chali chini ya gari lake, mbele ya kijiwe, akibadilisha mabomba ya breki. Lilikuwa gari la mashindano ya mchangani, jepesi, lenye klachi kali ya kumzimikia asiyeizoea, ila namba zake za barabarani lilikuwa nazo. Mashua za kwenda kusini, Chula na Ras Kamboni, zilikwisha ondoka na wenye bahati. Barke, mkewe, alikuwa na mimba kubwa. Ilibaki barabara ya Afmadow, mpaka Kenya.

Aliyeanza ubishi ni Aboud, waliyemwita Kamusi kwa kuwa hakuna jambo lililomshinda.

KAMUSI: Bomba lipige moja kwa moja, mbele mpaka nyuma. Kona kona za nini?

MZAMIL: Likipita karibu na ekzosi, oili inachemka. Ukikanyaga pedali, unakanyaga hewa. Acha nilizungushe huku, nilibane lisichezecheze.

Mbaraka, aliyeitwa Radio kwa wingi wa habari, akaweka kikombe chini.

RADIO: Nasikia waliotoka Mogadishu waling'oa breki za mbele kabisa. Gari likishikwa mbele hupinduka.

KAMUSI: Kweli! Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

RADIO: Yahusu nini?

KAMUSI: Yahusu oili. Ukikosa ya breki, tia mafuta ya nazi.

MZAMIL: Mipira yote itavimba, Aboud!

KAMUSI: Basi maji ya sabuni. Mimi kule Merka nilimfungia mkubwa mmoja breki kwa maji ya sabuni. Mpaka leo anasimama.

RADIO: Wewe spana hujaishika tangu uzaliwe.

KAMUSI: Spana hushikwa na mchu asiyejua. Mchu anayejua huelekeza.

Wakacheka. Hata Mzamil alicheka kule chini, akashangaa kusikia sauti yake. Alitoka, akakata usukani wote kulia, kisha wote kushoto, akichungulia kama mpira wa breki unagusa tairi. Haukugusa. Akamwita Kamusi amkanyagie pedali ili atoe upepo uliobaki mabombani.

— Kanyaga. Shikilia hapo hapo!

Kamusi akaachia. Ikabidi warudie upya, na Kamusi akasema pedali ndiyo mbovu.

Hapo akaja mwanamke na kikombe kitupu. Alikuwa Wardah, aliyeingia mjini jana yake kutoka Jamaame. Mwanatumu akammiminia bila kumuuliza kitu.

WARDAH: Mwatengeneza nini?

KAMUSI: Breki, dada. Gari hili utalisimamisha popote utakapo.

WARDAH: Njiani kuna wenye bunduki, wamefunga kamba. Wakisema simama, mtasimama?

Mzamil akaweka spana chini.

MZAMIL: Nyinyi mlifanyaje?

WARDAH: Tulisimama. Wakamshusha mume wangu. Lori la nyuma yetu halikusimama, wakalimiminia risasi. Nauliza kwa kuwa sijui.

Kamusi akamsogezea Mwanatumu kikombe chake. Mwanatumu akainamisha dele la kahawa. Yakatoka machicha.

Waliondoka alfajiri iliyofuata: Mzamil, Barke, Wardah na Kamusi. Radio alibaki na mamake mgonjwa.

Kamba waliikuta kabla ya Afmadow. Mzamil aliiona tangu mbali, na mguu wake ukabaki hewani, haujui ushuke wapi. Akamtazama Barke, mikono yake juu ya tumbo. Akakanyaga breki. Gari likasimama limenyooka, bila kuyumba.

Vijana wenye bunduki wakawashusha, wakawakalisha mchangani. Mkubwa wao akaingia garini. Likaruka, likazimika. Akajaribu tena, likazimika tena. Akashuka na hasira.

— Nani fundi wa gari hili? akauliza kwa Kisomali.

Mzamil alijua: atakayejibu atakwenda nao.

Kamusi akasimama, akijikung'uta mchanga.

— Mimi, akasema. Mabomba yote nimeyapitisha mwenyewe, mbali na ekzosi. Mwingine hapa haijui hata spana.

Mzamil akataka kusema. Barke akamshika mkono, akaukaza mpaka kucha zikaingia nyamani. Gari likaondoka likirukaruka, Kamusi ndani, akionyesha kwa kidole hiki na kile.

Walifika Liboi, upande wa Kenya, kwa miguu. Barke alijifungua kambini, mtoto wa kiume, akaishi. Kila lilipoingia kundi jipya Mzamil alikwenda kuuliza habari za Aboud, mrefu, msemaji sana. Hakuna aliyemwona. Alichotaka kujua hasa hakumwambia mtu, hata Barke: iliwachukua muda gani wale vijana kugundua kuwa hakuwa fundi.